Mwenye Uwezo wa Kuita, Naye Aitwe

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu tunaifundisha methali hii kama wosia kwa mwenye duka: andika ulichouza, andika ulichokopesha, usije ukaamka siku moja ukakuta rafu tupu na hujui bidhaa zimekwenda wapi. Wosia huo ni mzuri, lakini una mpaka wake. Mwenye duka anasimamia mali yake mwenyewe. Akizembea, hasara ni yake. Je, hali inakuwaje pale daftari linapokuwa mikononi mwa mtu mmoja, ilhali mali iliyoandikwa humo ni ya watu elfu kumi? Mwalimu ameweka mshahara wake benki; mama wa sokoni amenunua hisa chache; vijana wa bodaboda wameunganisha akiba yao katika chama. Hao wote hawalioni daftari. Wanaonyeshwa jalada tu, tena jalada lililopambwa.

Swali hilo ndilo lililozaa ofisi tunayoiita mdhibiti wa fedha. Dola inamweka mtu mlangoni mwa benki, soko la hisa na kampuni ya bima, inamwambia: linda mali ya wasiokuwapo. Mlinzi huyo hawezi kulinda akiwa amefumbwa macho. Kwa hiyo sheria za nchi nyingi zimempa uwezo mkubwa kuliko ule wa raia wa kawaida: anaweza kumwita mtu, kumwapisha, kumhoji, na kumtaka alete nyaraka. Mtu huyo hana hiari ya kusema kwamba leo hajisikii kuja.

Msimamo wangu ni huu. Uwezo huo ni wa lazima, na anayetaka uondolewe anawapendelea wanaoficha, ajue asijue. Lakini pia ni uwezo wa hatari, na anayetaka utolewe bila mipaka anajenga jabari mwingine. Tusiuogope na tusiuabudu. Tuufunge kamba, na mwisho wa kamba ushikwe na mtu mwingine asiyekuwa mdhibiti mwenyewe.

Kuomba, kuagiza na kulazimisha

Kabla hatujakwenda mbali, wanafunzi wangu, tuyatazame maneno. Katika Kiswahili kuomba ni kutaka kitu huku ukimwachia mwenzako nafasi ya kukataa. Kuagiza ni kutaka kitu kwa nguvu ya cheo, kama mkuu wa shule anavyomwagiza karani. Kulazimisha ni jambo la tatu: ni kumwondolea mwenzako nafasi ya kukataa. Mzizi wake ni lazima, nao umetupa kitenzi lazimu, kisha lazimisha, kisha lazimika. Sheria inamlazimu mdhibiti afuate utaratibu. Mdhibiti anamlazimisha shahidi aje. Shahidi analazimika kujibu. Ukiangalia mpangilio huo utaona kwamba anayelazimisha naye amelazimishwa kwanza na kitu kilicho juu yake. Kiungo hicho cha kwanza kikikatika, kinachobaki ni mabavu.

Karatasi inayobeba lazima hiyo huitwa hati ya wito, na katika maongezi ya kila siku watu wengi husema samansi. Kuna wito wa kutoa ushahidi, yaani mtu aje na ulimi wake, na kuna wito wa kuleta nyaraka, yaani mtu aje na makabati yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Ulimi husahau, huogopa na huweza kufundishwa uongo usiku wa kuamkia mahojiano. Waraka ulioandikwa miaka miwili kabla ya uchunguzi haukujua kwamba siku moja utaulizwa.

Somo kutoka New York

Ili tusizungumze hewani, nimechagua mfano wa jimbo la New York nchini Marekani, palipo na Wall Street, mtaa ambao jina lake limekuwa kama jina la pili la soko la hisa duniani. Marekani ni shirikisho. Mbali na wadhibiti wa serikali kuu, kila jimbo lina wadhibiti wake wa fedha, na wa New York wamejulikana kwa nguvu zao.

Historia yenyewe ilianzia mbali na majengo marefu. Mwaka 1911 jimbo la wakulima la Kansas lilipitisha sheria ya kuwabana wachuuzi wa hisa hewa waliokuwa wakizunguka vijijini. Sheria za aina hiyo zikapewa jina la utani, sheria za anga la buluu, kwa sababu ilisemekana kwamba matapeli wale walikuwa tayari kumuuzia mtu hata kipande cha anga. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba majimbo yana haki ya kutunga sheria kama hizo.

New York ilichukua njia nyingine. Kansas ilimtaka muuzaji apate kibali kabla ya kuuza. New York, kwa sheria ya mwaka 1921 inayojulikana kama Sheria ya Martin, kwa jina la mbunge aliyeipeleka, iliweka uzito wake katika uchunguzi. Mwanasheria Mkuu wa jimbo akiona dalili za udanganyifu katika uuzaji wa hisa na hati fungani, anaweza kumwita shahidi, kumwapisha na kumtaka alete vitabu na karatasi anazoona zinahusika. Anayekaidi wito bila sababu ya msingi anatenda kosa la jinai. Uchunguzi unaweza kufanywa hadharani au faraghani. Mwaka 1926 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilieleza kwamba udanganyifu unaokatazwa na sheria hiyo si ule wa mtu mwenye nia mbaya pekee. Hata vitendo vinavyowapotosha wanunuzi bila kusudio ovu vinaweza kuzuiwa.

Kwa miongo mingi panga hilo lilikaa alani, likitolewa zaidi kwa ajili ya matapeli wadogo. Kisha ikaja Aprili 2002. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Eliot Spitzer, alikwenda mahakamani akiwa na barua pepe za ndani za kampuni kubwa ya Merrill Lynch. Wachambuzi wa kampuni hiyo walikuwa wakiwashauri wananchi wanunue hisa za kampuni fulani za intaneti, ilhali katika barua walizoandikiana wao kwa wao walizidharau baadhi ya hisa hizohizo kwa maneno ambayo mwalimu hawezi kuyaandika ubaoni. Sababu haikuwa fumbo: kampuni zilizosifiwa zilikuwa pia wateja, au zilitarajiwa kuwa wateja, wa idara nyingine ya Merrill Lynch. Kampuni haikukiri kosa la kisheria, lakini mwezi Mei mwaka huohuo ilikubali kulipa dola milioni 100 na kubadili namna wachambuzi wake wanavyolipwa na kusimamiwa. Mwaka 2003 kampuni kumi za Wall Street zilifikia suluhu na wadhibiti kwa jumla ya takriban dola bilioni 1.4.

Tafakari, ndugu msomaji. Wananchi walikuwa na ushauri uliochapishwa. Walikuwa na bei za hisa kila asubuhi gazetini. Walikuwa na kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichohitajika, yaani yale ambayo mshauri aliyaamini kweli moyoni mwake. Hakuna mwandishi wa habari wala mteja ambaye angepewa barua zile kwa kuomba. Zilitoka kwa sababu sheria ya mwaka 1921, iliyotungwa kabla barua pepe haijawaziwa na mtu, ilisema vitabu na karatasi viletwe.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 New York iliunganisha idara yake ya benki na ile ya bima, ikaunda Idara ya Huduma za Fedha. Mkuu wa idara hiyo ana uwezo wa kisheria wa kuita mashahidi, kuwaapisha na kudai vitabu na kumbukumbu. Agosti 2012 idara hiyo changa iliituhumu Standard Chartered, benki ya Uingereza ambayo mabango yake tumeyaona Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, kwamba kwa miaka kadhaa ilificha majina ya wateja wa Iran katika ujumbe wa malipo yaliyopitia New York, miamala yenye thamani ya takriban dola bilioni 250. Benki ilipinga, ikisema miamala iliyokiuka kanuni haikufika hata dola milioni 14. Siku nane baada ya tuhuma hizo kutangazwa, ilikubali kulipa dola milioni 340.

Sitaki kuamua hapa nani alikuwa sahihi katika hesabu zile. Ninachotaka mkione ni namna ushahidi unavyofanya kazi. Jina likifutwa katika ujumbe wa malipo, mtazamaji wa nje haoni chochote. Malipo yanaonekana safi. Lakini ndani ya benki kubwa kazi haifanyiki kwa kunong'onezana. Kuna maelekezo, kuna barua, kuna majibu ya barua. Kilichofutwa katika karatasi moja huacha kivuli katika karatasi nyingine, na mwenye haki ya kuziomba zote mbili ndiye anayeweza kukiona kivuli hicho. Mficha maradhi, kifo humuumbua; mdhibiti mwenye nyaraka huja kabla ya kifo.

Kamba nne

Sasa nigeukie upande wa pili wa msimamo wangu. Ni nini kinachomzuia mdhibiti asigeuke kuwa mwindaji wa maadui wake? Sheria ya Marekani imesuka kamba nne kwa muda mrefu, nami naona zinafaa kupimwa na kila nchi.

Kamba ya kwanza ni chanzo. Mdhibiti aoneshe kifungu kinachompa uwezo, na kazi anayoifanya iwe kweli ni kazi aliyopewa. Mdhibiti wa benki hana shughuli na ndoa ya mteja.

Kamba ya pili ni uhusiano. Kinachotakiwa kihusiane na kinachochunguzwa, na kiwe kimeelezwa kiasi cha kueleweka. Mwaka 1946, katika shauri la Oklahoma Press, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba wito wa chombo cha serikali ni halali ikiwa uchunguzi umeruhusiwa na sheria, na nyaraka zinazotakiwa zinahusika na hazikuelezwa kwa upana uliopita kiasi. Mwaka 1950, katika shauri la Morton Salt, ilikwenda mbali zaidi ikasema kwamba chombo kama hicho kinaweza kuchunguza hata kwa ajili ya kujihakikishia tu kwamba sheria haivunjwi. Mahakama ya New York nayo, mwaka 1973, ilikumbusha kwamba lazima pawe na msingi fulani wa kuuliza. Mamlaka pekee hayatoshi.

Wavuvi wa Ziwa Viktoria wataielewa kamba hii bila mwalimu. Kuna ndoana, kuna nyavu za macho makubwa, na kuna kokoro. Kokoro hukokota kila kitu: samaki mkubwa, kifaranga, mayai na matope. Limepigwa marufuku kwa sababu anayelitumia leo anamwachia mwanawe ziwa tupu. Wito unaosema "leta karatasi zote za miaka yote" ni kokoro. Unaonekana una nguvu, kumbe unachosha kampuni, unafukia ushahidi chini ya takataka, na unamfundisha kila mtu kuiona sheria kama adhabu.

Kamba ya tatu ni mahakama. Tangu mwaka 1894, katika shauri lililoihusu tume ya reli, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali utaratibu wa tume kwenda kwa jaji kuomba amri dhidi ya shahidi mkaidi, lakini ikaeleza kwamba tume yenyewe haiwezi kumtia mtu kifungoni kwa kuidharau. New York inafuata roho hiyohiyo: ofisi inayotaka wito wake utekelezwe kwa nguvu inalazimika kwenda mahakamani, na aliyeitwa anaweza kwenda mwenyewe kuomba wito ufutwe au upunguzwe. Kwa maoni yangu kamba hii ndiyo inayozibeba nyingine zote. Mdhibiti anayeweza kuita, kuhukumu na kufunga akiwa ofisini kwake ni ile kesi ya nyani ambayo hakimu wake ni ngedere.

Kamba ya nne ni ulimi. Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanamkinga mtu asilazimishwe kujishuhudia mwenyewe katika jambo la jinai. Lakini tangu mwaka 1906 mahakama zimesema kwamba kinga hiyo ni ya binadamu, kampuni haina. Wengine huona ni dhuluma: ikiwa kampuni ni mtu wa kisheria, mbona inanyimwa haki ya kunyamaza? Mimi naona ni haki tupu. Kampuni imeumbwa na dola na ikapewa upendeleo ambao wewe na mimi hatuna: ikifilisika, wenye hisa hawauziwi nyumba zao kulipa madeni yake. Aliyepewa upendeleo huo kwa karatasi na aoneshe karatasi. Binadamu ana roho inayoweza kuteswa hadi iseme uongo. Kabati la kampuni halina.

Wanaosema "asiye na hatia aogope nini?"

Kuna sauti mbili nisizokubaliana nazo. Ya kwanza husema: asiye na hatia ana haja gani ya kuogopa wito? Sauti hii ni tamu, hasa wakati wananchi wamekasirishwa na wizi. Lakini asiye na hatia ana siri nyingi halali. Daftari la benki lina majina ya wateja ambao hawajashtakiwa na mtu: mgonjwa aliyekopa kwa ajili ya matibabu, mjane anayegawana urithi, mwandishi anayemlinda aliyempa habari. Fauka ya hayo, habari kwamba benki fulani imeitwa inaweza kuwatoa wateja mbio kwenda kuchukua fedha zao kabla hata swali la kwanza halijaulizwa. Benki nzima inaweza kuanguka kwa uvumi.

Kwa sababu hiyo naunga mkono uchunguzi wa faragha na uamuzi wa hadharani. Sheria ya Martin ina kifungu kinachofanya iwe kosa kwa ofisa au shahidi kuvujisha majina na habari za uchunguzi bila ruhusa ya Mwanasheria Mkuu. Kifungu hicho kina busara, lakini pia kina tundu: ruhusa iko mikononi mwa mtu mmoja, naye ni mwanasiasa anayechaguliwa kwa kura. Anaweza kunyamaza inapomfaa na kupiga baragumu inapomfaa. Ningependa tundu hilo lizibwe kwa kanuni iliyo wazi: uchunguzi ukiisha, sababu za uamuzi zichapishwe, aliyekosa atajwe, na aliyeitwa pasipo kosa asafishwe jina.

Sauti ya pili husema: mwacheni mfanyabiashara, soko litamrekebisha. Naijibu kwa mfano wa jirani zetu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliufunga mradi wa DECI, uliowaalika watu wapande mbegu ya fedha kisha wasubiri kuvuna zaidi ya walichopanda. Tazameni uzuri wa lugha ile: mbegu, kupanda, kuvuna. Ni Kiswahili cha shambani na cha ibadani kwa pamoja, na msikilizaji hujiona ameshaelewa kabla hajafikiri. Lakini mkulima yeyote anajua swali la kwanza: shamba liko wapi? Mpandaji mmojammoja hakuwa na uwezo wa kulipata jibu lake, kwa kuwa shamba, kama lilikuwapo, lilikuwa ndani ya daftari. Katika upatu wa namna hiyo soko halirekebishi kitu. Soko lenyewe ndilo linalovunwa. Mwenye uwezo wa kudai daftari akichelewa, hata akija na pingu, fedha nyingi huwa zimeshakwenda.

Hapa kwetu Uganda

Hapa Uganda tulipata somo ambalo New York haikutupa: somo la mdhibiti kuitwa. Tangu mwaka 1993 hadi 2016, Benki Kuu ya Uganda ilizifunga au kuzichukua benki saba za biashara, kuanzia Teefe Trust hadi Crane Bank. Mwaka 2018, baada ya ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kamati ya Bunge inayosimamia mashirika ya umma iliwaita viongozi wa Benki Kuu, na vikao vikaendelea hadi mwanzoni mwa 2019. Wananchi walifuatilia kwa redio, televisheni na simu. Swali lililorudi mara kwa mara halikuwa la nadharia za uchumi. Lilikuwa la nyaraka: orodha ya mali za benki zilizofungwa iko wapi? Nani aliitia saini? Thamani ilipimwa vipi kabla ya kuuzwa?

Katiba yetu ya 1995, katika Ibara ya 90, inazipa kamati za Bunge uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuwalazimisha mashahidi wafike na nyaraka ziletwe. Kwa hiyo ofisi iliyozoea kusema "leteni vitabu" iliambiwa nayo ilete vitabu. Baadhi ya watu waliona kwamba ni fedheha kwa taasisi nyeti. Mimi naona ni siku ambayo kamba ilionekana mwisho wake uliposhikwa. Mdhibiti anayedai kumbukumbu kamili kutoka kwa wengine, huku za kwake zikitafutwa kwa tochi, hana haki ya kimaadili ya kushangaa.

Tukumbuke pia kwamba mwenye madaraka ni binadamu. Spitzer, aliyesifiwa duniani kote kwa kuitikisa Wall Street, alipanda hadi kuwa gavana, na Machi 2008 akajiuzulu kwa kashfa ya maisha yake binafsi. Kuanguka kwake hakukuzifanya barua pepe za Merrill Lynch kuwa safi, wala sifa zake za awali hazikumfanya malaika. Sheria nzuri haimsubiri mtakatifu. Huandikwa kwa kudhani kwamba ofisi itakaliwa na mtu wa kawaida, mwenye marafiki, maadui na uchaguzi mbele yake.

Njoo, lete, sema

Nimalizie kwa jambo linalohusu lugha yetu. Wazee wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Maneno yalikuwa matatu: njoo, lete, sema. Ndiyo maana wengine hadi leo hukichukia. Lakini tazama, hati ya wito ya mdhibiti ina vitenzi vilevile vitatu. Njoo ofisini, lete nyaraka, sema kweli baada ya kuapa. Amri ni ileile. Kinachowatenganisha askari wa kizuizini na mdhibiti wa fedha ni kwamba wa pili unaweza kumuuliza: kwa sheria ipi? Kuhusu jambo gani? Nani atatuamua tukitofautiana? Askari wa kizuizini aliyajibu maswali hayo kwa kitako cha bunduki. Mdhibiti wa nchi yenye sheria anapaswa kuyajibu kwa maandishi.

Basi siku hati ya wito ikikufikia, au ikimfikia mweka hazina wa chama chenu cha akiba, usiitupe na usikimbie. Isome. Tazama nani ameitoa, ametaja kifungu gani, anataka nini na lini. Usichane karatasi hata moja, kwa maana karatasi iliyochanwa hushuhudia vibaya kuliko iliyosomwa. Tafuta mwanasheria mapema. Kama madai ni mapana kupita kiasi, omba yapunguzwe. Na ukumbuke kwamba kunyamaza kwa mujibu wa sheria ni haki, lakini kusema uongo chini ya kiapo si haki ya mtu yeyote.

Daftari la mali ya umma si siri ya anayelishika. Mdhibiti apewe uwezo wa kulifungua, afunguliwe na lake, na anayefungua wote wawili awe raia kupitia mahakama na Bunge lake.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Eleza kwa mifano yako tofauti kati ya kuomba, kuagiza na kulazimisha. Tunga sentensi tatu ukitumia lazimu, lazimisha na lazimika.
2. Je, unakubali kwamba kampuni isiwe na haki ya kunyamaza? Toa hoja moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga.
3. Uchunguzi wa benki ufanywe hadharani au faraghani? Andika insha ya aya nne.
4. Methali "mali bila daftari hupotea bila habari" inamhusu nani zaidi katika nchi yako leo: mfanyabiashara, mdhibiti au raia?